Nyenze hapasuki kwa kuimba

Ukipita msitu wa Ngezi kule Pemba, unaweza kulikuta gamba la kahawia limeng'ang'ania gome la mti, makucha yote yapo, mgongo umechanika mstari mmoja. Utasikia watu wakisema: nyenze huyo kaimba mpaka kapasuka. Sivyo, jamani! Hilo ni vazi lake la utotoni. Nyenze mchanga huishi chini ya ardhi, pengine miaka kadhaa, akifyonza utomvu wa mizizi. Siku yake ikifika hupanda mti, aghalabu usiku, akajivua gamba na kutoka na mbawa. Kelele za mchana ni za dume, anayetikisa viwambo viwili vya ubavuni, na tumbo lake lenye uwazi huvuma kama ngoma. Mti ukikatwa, wachanga waliomo mizizini hukosa chakula.