Kishona nguo na mbegu zake za aina mbili

Juzi nilirudi kutoka shambani suruali imejaa kishona nguo kuanzia magotini hadi miguuni. Nikakaa kibarazani kuzichomoa mbegu moja moja, na kwa kuwa magugu ndiyo kazi yangu, nikachukua na lenzi.

Kile tunachokiita ua la kishona nguo ni kichwa chenye vijiua vingi vilivyosongamana. Vile vyeupe vya pembeni, vinne au vitano hivi (mimea mingine haina kabisa), ni pambo tu, havizai. Vinavyozaa ni vile vya njano vya katikati. Kila kimoja huacha mbegu nyeusi, nyembamba, yenye miiba miwili au mitatu kwenye ncha. Ukiitazama miiba hiyo kwa lenzi utaona vimeno vimeelekea nyuma kama vya ndoana: ikishaingia kwenye kitambaa, kurudi ni shida. Jina la kitaalamu, Bidens pilosa, linataja meno mawili. Za kwenye suruali yangu nyingi zilikuwa na matatu.

Ila mbegu za kichwa kimoja hazifanani. Za katikati ni ndefu. Hizo ndizo zinazonasa nguo na manyoya ya mbuzi, na zikipata unyevu huota upesi. Za pembezoni ni fupi, zina vipele, hazisafiri sana, na nyingi hulala udongoni zikingoja. Yaani mmea huohuo unatuma watoto wengine ugenini na kubakiza wengine nyumbani.

Mama mmoja mwenye shamba la mahindi na maharage aliniuliza hilohilo bila kulijua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niambie, nimepalilia mara mbili, mbona yanarudi? Kuna mtu ananirogea shamba?”

Nikacheka. Palizi yake ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili ilichelewa. Kishona nguo hakihitaji muda mrefu: ndani ya miezi miwili na kidogo tangu kuota kinaweza kuwa kimeshamwaga mbegu, na mmea mmoja ulionawiri hutoa 3,000 hadi 6,000. Akiuacha ukomae mara moja tu, anapalilia deni hilo misimu kadhaa.

Tukakubaliana apige jembe kabla njano haijaonekana. Vichwa vilivyokwisha kukauka asivilaze kati ya mistari, avitoe nje ya shamba. Na atandaze majani makavu, kwa sababu mbegu hizi hupenda mwanga na huota vizuri zikiwa juujuu. Majani machanga ya kishona nguo aliyoyang'oa aliyatenga kwenye ungo. Anayachemsha, anamwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, kisha anaunga kwa karanga.

Zile za kwenye suruali nilizimalizia kwenye jiko la mkaa. Za kwenye soksi nimeshindwa, nimetupa soksi.