Kuchekesha ukumbi wenye mkwe ndani

Wanaonialika kuchekesha kwenye hafla za familia hapa Unguja, hasa siku za Sikukuu, hunipa sharti moja tu, kwamba nisitukane. Sharti hilo ni jepesi mno, kwa sababu mtu anaweza kuacha matusi yote na bado akauharibu usiku kwa kutojua nani amekaa na nani. Mkwe na mkwewe wanapokuwa safu moja hawachekeani ovyo, ilhali bibi na mjukuu walioketi nyuma yao wana ruhusa ya kutaniana hata bibi akamwita mjukuu wake mume, na mabinamu nao wana utani wao. Mchekeshaji hana undugu na yeyote kati yao. Njia ninayoiamini mimi ni kujifanya mjukuu wa ukumbi mzima, yaani mimi ndiye niliyekosea na kuaibika, na wazee ndio wanaonicheka.

Nitaeleza kwa kisa changu cha boti. Mimi ni mtu wa Wete, kisiwani Pemba, na nikirudi Unguja mama mkwe hunipa mzigo wa kumpelekea shemeji yangu. Mara ya kwanza nilikisimulia hivi: "Mama mkwe alinipa vitu vingi sana, nikavibeba kwa tabu mpaka Unguja." Ukumbi ulinyamaza, na mzee mmoja wa safu ya mbele alikitua kikombe chake cha kahawa akauangalia mlango. Nilikuwa nimemlalamikia mkwe hadharani, na hapakuwa na aliyejua kama acheke au anikemee.

Sasa nakisimulia namna hii. "Mama mkwe kaniambia, 'Mwanangu, nna kifurushi, kidogo tu.' Nikasema, naam mama. Nimeteremka bandarini Malindi, Unguja, na mkungu wa ndizi begani, halua ya Wete kwapani, jogoo mkononi. Shemeji akaniuliza, 'Begi lako liko wapi?' Nikamwambia, 'Nimeliacha. Lile lilikuwa kubwa.'"

Humu mama mkwe hana kosa lolote, kwani amesema kwa adabu, na kinachochekwa ni ile "naam mama" ambayo kila mkwe ukumbini amewahi kuitamka. Neno "kubwa" limewekwa mwisho kabisa ili likutane na "kidogo tu" la mwanzo. Nikisema "lilikuwa kubwa ndiyo maana nikaliacha", watu hulipata jibu kabla sijamaliza na kicheko hufia njiani. Jogoo naye zamani alikuwa kuku tu. Jogoo anaonekana zaidi, kwa hiyo huunyoosha mkono mbali na mwili kama ninayemwogopa, na najizuia nisiwike, ingawa kila siku nashawishika.

Lafudhi ndiyo inayonipa kazi zaidi. Unguja wanapenda kusikia Kipemba jukwaani, lakini anayekiigiza ili kuwacheka wenyewe hupata nusu ya ukumbi tu, maana ile nusu nyingine ndiyo hao wenyewe, na Wapemba hujuana kwa vilemba. Mimi nina ruhusa ya kuzaliwa, na hata hivyo humtilia mama mkwe lafudhi kidogo sana. Nikiwa Chake Chake, kwetu Pemba, mambo hugeuka, kwa kuwa hapo Kipemba si kichekesho bali ni maneno ya kila siku. Mama mkwe huachiwa usemi wake wa kawaida, na lafudhi ya kuigiza humhamishia shemeji wa mjini, ambaye huko ndiye mgeni.