Mbona dawa hii ni sindano, si kidonge?

Mama aliyejifungua kwa upasuaji huenda akarudi kwake Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, na sindano za enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande mishipani. Imetokana na heparini, dawa iliyoumbwa kwa sukari. Maswali huja mengi.

Nina kisukari. Itanipandisha sukari?
La. Heparini ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoungana, si sukari ya chai. Mwili hauigeuzi kuwa glukosi.

Kwa nini nisimeze?
Mnyororo ule ni mkubwa na umejaa chaji hasi za umeme, kwa hiyo ukuta wa utumbo hauupitishi. Ungemeza bure.

Wodini mwenzangu aliwekewa dripu ya heparini mchana kutwa. Mbona mimi nadungwa mara moja tu kwa siku?
Heparini ya kawaida ikiingia mshipani, nusu yake hutoweka kwa muda wa saa moja au moja unusu, ndiyo maana hutiririshwa mfululizo. Enoksaparini ni heparini iliyokatwa vipande vifupi. Ukidunga kwenye mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, pale panakuwa ghala: dawa inatoka kidogo kidogo kuingia damuni, na vipande vifupi havinaswi ovyo na protini za damu. Dozi moja ya kinga hukutosha hadi kesho. Bana ngozi, kaa mbali na kitovu, leo kulia kesho kushoto. Usisugue, damu itavilia.

Ni kweli inatoka kwa nguruwe?
Kweli. Heparini nyingi hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Katika mji wenye Waislamu wengi kama huu wetu, naona ni kosa kumdunga mtu bila kumwambia. Wanazuoni wengi huiruhusu panapo dharura. Muulize shekhe wako, ila tafadhali usiache dozi kimyakimya. Mwulize daktari pia kuhusu fondaparinuksi, mnyororo wa sukari tano tu unaotengenezwa maabara, bila mnyama. Nusu yake hutoweka mwilini baada ya saa 17 hadi 21, hivyo nayo ni mara moja kwa siku. Figo zikiwa dhaifu huenda isikufae.

Tutapata lini njia nyingine badala ya sindano?
Watafiti wanaifungia heparini ndani ya jeli na chembe ndogo mno ili itoke polepole. Tayari kuna mirija ya kuwekwa mishipani iliyopakwa heparini. Kwa mgonjwa wa nyumbani, bado ni sindano.

Nikitokwa damu?
Fizi zikivuja bila kukoma, choo kikiwa cheusi, au kichwa kikiuma ghafla kupita kiasi, vuka feri uende hospitali usiku huohuo.