Jino lilianza kuvunjika kabla ya siku ile

Kwenye steji yetu ya boda hapa Busia, upande wa Uganda, kuna kijana aliyekuwa ndiye opena yetu. Ukinunua soda unampelekea chupa, anang'ata kizibo, paa! Siku moja mlio ukawa mwingine. Akatema mkononi kipande cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Watu wakalaumu kizibo. Lakini kosa liko pia kwenye maneno tunayoambiana kuhusu meno, kama haya.

"Meno yangu magumu, yameshazoea." Ni kweli enameli, lile tabaka la nje la jino, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Ila ni ugumu wa sahani ya kauri: inapakuliwa chakula miaka na miaka, kisha inagongwa ukingoni mara moja na kumeguka. Kung'ata chuma kunaweza kuacha nyufa ndogo zisizoonekana. Mfupa ukipata ufa huunga. Enameli haina chembe hai za kujiunga upya. Kizibo cha siku ile kilimalizia tu kazi ya vizibo vilivyotangulia.

"Muwa hukomaza meno." Hii utaisikia sana ukipita Busoga, kwenye mashamba ya miwa. Kutafuna muwa uliomenywa si hoja. Hoja ni kulivua ganda kwa meno ya mbele, hasa kwenye fundo. Halafu kuna sukari: bakteria wa mdomoni huigeuza asidi, jino linaoza hadi ndani, na lililooza huweza kuvunjika hata kwa chapati. Muuzaji ana panga. Mwache amenye yeye. Mifupa ya mchomo nayo si ya kupasua kwa magego, na maharage yachambuliwe mawe mchana, si gizani.

"Anayesaga meno usiku ana minyoo." Nimekua nikiamini hivi, na dawa ya minyoo nimemezeshwa kwa ajili hiyo. Kwa watu wazima, kusaga meno huhusishwa zaidi na msongo wa mawazo, usingizi wa shida, pombe na sigara. Ukiamka taya limechoka, muulize daktari wa meno kuhusu kinga ya meno ya kuvaa usiku.

"Ukimaliza soda, piga mswaki hapohapo." Asidi ya soda hulainisha enameli kwa muda. Sukutua kwa maji, subiri kama nusu saa.

"Haliumi, basi liko salama." Ufa unaweza kukaa kimya mpaka ufike kwenye neva. Hata ukingo mkali tu unatosha kukuchana ulimi.

"Jino likitoka lote, litupe." Wanaoanguka na boda au kugongwa kiwiko mpirani hupoteza meno ambayo yangeweza kurudishwa. Jino la ukubwani lishike upande wa kutafunia, usisugue mzizi. Suuza kidogo, lirudishe kwenye tundu lake. Ikishindikana, litie kwenye maziwa, ukimbie kwa daktari ndani ya saa moja, na nusu saa ni bora zaidi. La utotoni halirudishwi, ila mtoto apelekwe akaangaliwe. Hata kipande kilichomeguka kiende nawe, huenda kikabandikwa tena.

Kipande cha yule kijana kilipotelea kwenye vumbi la steji. Alizibwa jino, na akaambiwa kijazio hicho kitang'oka akirudia. Siku hizi amefunga opena kwenye ufunguo wa pikipiki. Chupa bado tunampelekea yeye.