Asilimia 30 ya Marekani haifiki Kibokoni

Kila baada ya wiki chache hunijia mtu ofisini na simu mkononi, keshafungua ujumbe wa jamaa yake aliye Marekani. Safari hii alikuwa Bi mmoja wa Kibokoni, hapa Mombasa, ambaye hesabu za marehemu mumewe nilizishika miaka mingi. Tulipomaliza shikamoo na marahaba akanisogezea simu. Mjukuu wake, mwenye nyumba yake huko Ohio, alikuwa amemwandikia aweke hita ya sola kwa sababu "serikali hukurudishia asilimia 30".

"Sasa mwanangu, hiyo thelathini naiombea dirisha lipi?"

Dirisha hilo halipo. Lakini mjukuu hakusema uongo, na kwa kuwa mimi kazi yangu ni kodi, naona afadhali nilieleze jambo lenyewe mara moja nipumzike.

Sheria ya kodi ya Marekani ilikuwa na kifungu kinachoitwa 25D. Mwenye nyumba akinunua mtambo wa sola wa kuchemshia maji, asilimia 30 ya gharama, pamoja na malipo ya fundi, iliondolewa kwenye kodi yake ya mapato. Masharti yalikuwepo. Angalau nusu ya nishati inayopasha yale maji itoke kwenye jua, mtambo uwe na cheti cha ubora kinachotambuliwa, na maji yawe ya nyumbani. Bwawa la kuogelea halikuhesabiwa. Kisha lile sharti linalomgusa Bi wangu: nyumba iwe ndani ya Marekani, na mlipakodi awe anaikaa. Kwa hiyo hata mjukuu angemlipia bibi yake kila senti ya hita ya Kibokoni, asingeweza kuiandika kwenye Fomu 5695 ya huko. Nalikariri hili kwa sababu wateja wangu wawili walio ng'ambo, wenye nyumba Nyali na Mtwapa, wamewahi kuniomba risiti "za kupeleka kule". Risiti nimewapa. Kazi yake kule hakuna.

Na hata kule kwenyewe mlango umefungwa. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilikata nafuu hiyo kwa gharama za baada ya 31 Desemba 2025, ilhali sheria ya 2022 ilikuwa imeahidi asilimia 30 kamili mpaka 2032. Kinachoangaliwa ni siku mtambo ulipokamilika kufungwa. Aliyelipa Desemba na fundi akamaliza Januari amekosa. Kifungu jirani, 25C, kilichotoa asilimia 30 isiyozidi dola 2,000 kwa hita za pampu ya joto, ambazo ni kama friji lililogeuzwa, kimekwisha siku hiyo hiyo.

Si mara ya kwanza. Nafuu ya kwanza ya sola za nyumbani Marekani ilitungwa 1978, wakati wa Jimmy Carter, ambaye mwaka uliofuata aliweka vyombo 32 vya kuchemshia maji kwa jua juu ya paa la Ikulu yao. Nafuu ilikwisha 1985, na 1986, chini ya Reagan, vile vyombo vikateremshwa. Ikarudi kwa sheria ya 2005. Anayepanga gharama ya nyumba kwa kutegemea nafuu ya kodi ni kama nahodha anayetegemea kaskazi: inavuma kweli, lakini ina msimu wake.

Kenya ilipita njia nyingine, haikubembeleza. Kanuni za Kuchemsha Maji kwa Sola za 2012 ziliagiza majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawe na mtambo wa sola, na yaliyokwisha kujengwa yakapewa miaka 5. Israeli ilianza kulazimisha hivyo kwa nyumba mpya tangu 1980, na huko matangi juu ya paa ni jambo la kawaida kama antena. Hapa kwetu, simama ghorofa ya juu Tudor uangalie mapaa, uhesabu mwenyewe. Kanuni zile zilibeba amri bila senti moja ya nafuu kwa mwenye nyumba.

Je, hakuna kitu kabisa? Kipo kidogo, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu Kiswahili chetu cha mitaani kinaita yote "punguzo la kodi".

Kuna kupunguziwa kodi yenyewe, na kuna kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi. La kwanza unalijua hata kama hujawahi kuliita kwa jina: ile nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi inayoonekana kwenye karatasi ya mshahara. Kodi yako ikiwa 10,000, unalipa 7,600. Shilingi kwa shilingi. Asilimia 30 ya Marekani ilikuwa ya aina hiyo. La pili ni dogo zaidi. Riba ya mkopo wa kununua, kujenga au kutengeneza nyumba unayoikaa mwenyewe, ukikopa kwa taasisi zilizotajwa na sheria kama benki, hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa, mpaka shilingi 360,000 kwa mwaka. Kabla ya Desemba 2024 kikomo kilikuwa 300,000.

Sasa tuseme umekopa benki kutengeneza nyumba, hita ikiwa ndani ya mkopo huo, na riba inayohusu hita kwa mwaka ni 20,000. Kama mshahara wako umefika kiwango cha asilimia 30, kodi inayokupungukia si 20,000, ni 6,000. Deni lenyewe unalolipa halihesabiki, ni riba tu. Hita uliyokopeshwa na duka kwa malipo ya mwezi mwezi haimo, maana duka si taasisi ya mikopo iliyotajwa. Kwa mtambo wa shilingi 150,000, Mmarekani alikuwa akiokoa 45,000 za kodi. Sisi tunaokota hizo elfu sita, nazo kwa mwenye mkopo tu. Ushauri wangu: usikope kwa ajili ya hita peke yake. Lakini kama unakwenda benki kwa ajili ya paa, iingize hita kwenye makadirio ya fundi tangu mwanzo.

Wenye nyumba za kupangisha wana uchungu zaidi. Ukilipa ile kodi ya pango ya asilimia 7.5, inapigwa juu ya pango lote ulilopokea kwa wapangaji, bila kutoa gharama yoyote. Weka hita kwenye kila nyumba ya jengo lako la Bombolulu, serikali haitakuona. Kuna ruhusa ya kuomba utozwe kwa utaratibu wa kawaida, ambapo gharama zinahesabiwa, lakini hapo kila risiti iwe ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, na wazee wengi ninaowahudumia wakisikia hivyo hubaki walipo.

VAT niipitie haraka. Msamaha wa vifaa vya sola uliondolewa 2020 ukarudishwa 2021, na vilivyotajwa kwa jina vilikuwa paneli, vidhibiti chaji, inveta na betri. Hita ya maji haikuwamo katika hivyo. Muuzaji akikwambia "sola haina VAT", mwambie akuandikie bei yenye mstari wa VAT uuone.

Basi nikamwambia Bi tuache kodi, tupige hesabu ya maji, kwa sababu hapo ndipo pesa ilipo. Kupasha lita moja kwa nyuzi moja kunakula karibu wati-saa 1.16. Maji ya Mombasa hayatoki bombani baridi. Tuseme nyuzi 27, na ya kuoga yanatosha 42. Ni nyuzi 15 tu. Nairobi, tukianzia 18, ni nyuzi 24, kwa hiyo mtu wa huko anaokoa zaidi kwa kila ndoo. Tangazo la hita lililopigiwa hesabu Nairobi lisikudanganye.

"Maji ya moto mnaoga wangapi?" nikamuuliza.

Akahesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe, hasa udhu wa alfajiri miezi ya kusi. Na mjukuu mwingine aliyejifungua, yuko kwake anakandwa mpaka arobaini iishe. Wengine wote maji ya tangi. Tukaandika lita 80 kwa siku: yuniti 1.4 za umeme (yuniti moja ni wati-saa 1,000), na kwa bei ya kukisia ya shilingi 28 kwa yuniti, kama shilingi 39 kwa siku, elfu 14 na ushei kwa mwaka. Hita ya 150,000 ingerudisha pesa baada ya miaka 10, na mzazi keshatoka arobaini zamani. Nyumba ya wageni Nyali inayotumia lita 240 ni habari nyingine: karibu elfu 43 kwa mwaka, na hata mtambo ukigharimu 200,000 unajilipa kabla ya miaka 5.

Hiyo ni kama mtambo utaishi miaka hiyo. Kibokoni wengi hutegemea kisima, na maji ya chumvi hula tangi la chuma kutoka ndani. Lile fito la magnesi linalowekwa ndani liliwe badala ya tangi lataka kukaguliwa na kubadilishwa, jambo ambalo wauzaji hulitaja likishakwisha. Hita ya pampu ya joto ingependa joto letu hili la mwaka mzima, ila nayo upepo wa baharini hauionei huruma.

Bi akakunja karatasi ya hesabu akaitia kwenye mkoba. Akaniuliza kama chupa ya soda inatosha kupeleka maji ya kisima yapimwe chumvi. Nikamwambia ya plastiki, safi, ya lita moja, na ayachote baada ya kuyaacha yamwagike kwanza.