Je, wajua kwa nini kijipande cha silikoni hupewa mamia ya volti?

Betri ya simu yako haifiki volti 5. Lakini kwenye mtambo wa European XFEL, karibu na Hamburg nchini Ujerumani, kuna vipande vya silikoni vyenye unene wa nusu milimita tu vinavyofanya kazi kwa volti mia kadhaa. Za nini zote hizo?

Mtambo huo, uliofunguliwa 2017, hutoa mimweko ya eksirei hadi 27,000 kwa sekunde. Huja kwa mafungu 10 kila sekunde, na ndani ya fungu mmweko mmoja huweza kufuata mwingine baada ya nanosekunde 220 (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Katika muda huo hata mwanga huwa umekwenda mita 66 tu. Kitambuzi, yaani kifaa kinachonasa eksirei kwa vile vipande vya silikoni, lazima kiwe kimeshapokea picha na kuihifadhi kabla mmweko unaofuata haujabisha hodi.

Fotoni moja ya eksirei, yaani chembe moja ya mnururisho huo, yenye nishati ya kiloelektronivolti 12 ikizama ndani ya silikoni hung'oa elektroni zipatazo 3,300, na kila moja huacha tundu linalosafiri kama chaji chanya. Volti ndiyo inayozivuta chaji hizo zifike haraka kwenye pikseli. Mbona basi silikoni isikatwe nyembamba zaidi, safari iwe fupi? Eksirei nyingi zingepenya na kupotea bila kunaswa.

Kinachonivutia zaidi ni pale fotoni maelfu zinapoipiga pikseli moja kwa mpigo. Wingu la chaji huwa nene hivi kwamba la ndani halihisi tena mvuto wa volti. Hukawia, hutanuka, na kuwamwagikia majirani. Picha ya molekuli uliyoisubiri kwa hamu inaingia ukungu. Volti kubwa hulisambaratisha wingu hilo mapema.

Ila volti hiyo ikifika kwenye ukingo uliokatwa, ambako fuwele imevunjikavunjika, umeme huvuja. Wabunifu huzizungushia pikseli pete nyembamba, moja nje ya nyingine, na volti hushuka pete kwa pete kama mtu anayeteremka ngazi. Pete hizo zinasanifiwa kwa kufikiria uzee pia: eksirei huacha chaji chanya kwenye tabaka la oksidi lililofunika silikoni, na chaji hiyo hulimbikizana. Ndiyo maana vipande vya majaribio humwagiwa kwanza eksirei nyingi makusudi, kisha hupimwa vinavuja kiasi gani.