Kiwewe ni nini, na kinatibiwaje?

Katika Kiswahili cha kila siku, kiwewe ni cha papo hapo. Nyumba inashika moto, mtu anapata kiwewe, anatoka mbio na ufagio mkononi huku pesa kaziacha chini ya godoro. Moto ukizimwa, watu wanamcheka kidogo, naye anajicheka. Wataalamu wa afya ya akili wamelichukua neno hilohilo wakalipa kazi nyingine. Kiwewe chao ni kile kinachobaki baada ya moto kuzimwa.

Tuchukue mfano wa konda wa Haisi za Arusha na Moshi aliyepata ajali maeneo ya Kikatiti. Mkono umeunga, bandeji imetolewa, miezi mitatu imepita. Lakini breki za lori zikilia, moyo unamwenda mbio na jasho linamtoka. Usiku anaota kioo kikipasuka. Kazi ameacha, na akilazimika kwenda Moshi anatafuta kisingizio. Wenzake stendi wanamwambia, "Shukuru Mungu, kaka, umepona, yamepita." Wanasema kwa upendo, ila hapo ndipo penye tatizo: kwake hayajapita. Kumbukumbu ya kawaida huja na tarehe yake; unajua ni jambo la mwaka juzi. Kumbukumbu ya kiwewe huja kana kwamba jambo linatokea sasa hivi, na mwili unaitika hivyo.

Si kila aliyepatwa na balaa hufika huko. Wengi hutulia wenyewe kadiri siku zinavyokwenda, wakiwa na watu wao. Dalili zikivuka mwezi mmoja na kumvurugia mtu maisha, ndipo daktari huanza kufikiria ugonjwa wenyewe wa kiwewe, ambao Marekani uliingizwa rasmi katika orodha ya magonjwa ya akili mwaka 1980. Kwa kuwa wengi hutulia wenyewe, kumkalisha majeruhi siku ya pili na kumlazimisha aeleze yote aliyoyaona si tiba. Siku hizo anahitaji usalama, chakula, usingizi na mtu wa kukaa naye. Tulichokijua siku zote matangani, kukaa na mfiwa bila kumhoji, hakiko mbali na hapo.

Tiba zenye ushahidi mzuri zinafanana katika jambo moja: hazimsaidii mtu kusahau. Zinamrudisha kwenye tukio, taratibu na kwa mpangilio, mpaka kumbukumbu ikubali kuwa ya jana.

Ya kwanza ni ya kukabili hofu kwa hatua. Konda wetu na mwanasaikolojia wake wangeandika ngazi ya mambo anayoyaogopa, kuanzia dogo. Wiki hii akae tu ndani ya Haisi iliyosimama. Kisha asafiri hadi Tengeru na kurudi. Kisha Usa River, Maji ya Chai, halafu Kikatiti penyewe, na mwisho Boma Ng'ombe hadi Moshi. Katika kila hatua anabaki mpaka hofu ipungue, kwa sababu akishuka ikiwa juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kliniki nako anasimulia ajali tena na tena, kwa sauti. Inachosha, sifichi, wapo wanaoacha katikati.

Ya pili ni tiba ya fikra na tabia. Hii inashughulika na hukumu ambayo mtu amejipa: "Ningemwambia dereva apunguze mwendo, yule mama angekuwa hai." Mshauri hasemi "usijilaumu", maana maneno hayo ameshayasikia mara mia. Anauliza: ulikuwa unajua nini dakika ile? Lori uliliona wakati gani? Jibu la kweli ndilo linalopunguza mzigo.

Aina ya tiba hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto imejaribiwa Moshi, kwa watoto waliofiwa na wazazi. Mwanzoni walikuwa 64, kisha ukaja utafiti mkubwa wa watoto 640, wa Moshi na Bungoma, Kenya, wenye miaka 7 hadi 13. Walikutana kwa vikundi mara 12, walezi wao wakiwa na kikundi chao. Ila kisa cha kifo chenyewe kila mtoto alikisimulia peke yake na mshauri. Kinachonivutia ni washauri wenyewe: raia wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, si madaktari. Matokeo ya mwaka 2020 yalikuwa mchanganyiko. Bungoma nafuu ilidumu hata mwaka mmoja baadaye. Moshi, baada ya mwaka, watoto wasiopata tiba hiyo nao walikuwa wamefikia hali ileile. Wanaoitangaza kama muujiza wasome mpaka mwisho.

Ipo pia ya kusogeza macho, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Francine Shapiro wa Marekani mwaka 1987: unashika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kidole cha mtabibu. Inachekesha kuieleza, lakini Shirika la Afya Duniani linaikubali. Halikubali vidonge vya kutuliza wasiwasi vya jamii ya Valium kwa mtu aliyetoka kwenye mshtuko, ambavyo ndivyo wengi huvikimbilia.

Kwa mtu mwenye majanga mengi, kama mkimbizi wa vita, kuna tiba ya masimulizi. Kamba inatandazwa sakafuni kama maisha yake: jiwe kwa kila baya, ua kwa kila jema. Kisha anasimulia tangu kuzaliwa, mtabibu anaandika na kumsomea wanapokutana tena. Siku ya mwisho anaitia sahihi hadithi yake na kuondoka nayo. Ncha ya kamba huachwa imekunjwa, kwa miaka ambayo bado hajaiishi.